Taa Iliyozibwa Upande Mmoja

Harufu ya mabawa ya kumbikumbi yakiungua kwenye taa ya umeme si kali. Ni kama nywele zilizopitiwa na moto, na ndani yake mna mafuta kidogo, kiasi kwamba mtu mwenye njaa anaweza kuipenda. Mwezi uliopita, mvua za kwanza zilipofika, harufu hiyo iliingia kwangu dirishani. Kijana mmoja tajiri amejenga depo ya bia mbele ya nyumba yangu na kufunga taa kubwa juu ya paa lake, nazo zinawaka mpaka asubuhi. Nilipokwenda kumwambia kwamba silali, alinijibu kwa heshima zote kwamba ninunue pazia zito. Nilirudi nyumbani nikakiangusha kikombe cha chai nilichopewa. Wajukuu wangu walidhani ni uzee. Ilikuwa hasira, na haikuwa ya mwezi uliopita. Niliitoa Kasongo, enzi za Wabelgiji, nikiwa na miaka minane, na leo nimeamua kuwaeleza ninyi ilikotoka, maana wajukuu wenyewe wakiona taa wanafurahi tu, kama nilivyofurahi mimi.

Mtaa wetu ulikuwa ukingoni mwa mji, kando ya barabara iendayo Kabambare. Nyumba zilikuwa za udongo, paa za majani, na nyuma ya kila nyumba kulikuwa na ua mdogo wa kuogea: fito nne, mikeka ya majani ya michikichi iliyofika mabegani mwa mtu mzima, na mawe bapa chini ili miguu isikanyage tope. Ua huo haukuwa na paa wala mlango. Giza ndilo lililokuwa paa lake na mlango wake. Wanaume waliogea mtoni mchana kweupe, wakipiga kelele. Wanawake walirudi shambani na vumbi la pamba tuliyolazimishwa na serikali kulima shingoni, wakapika, wakawalisha watu, wakasali, kisha wakangoja. Saa moja ya usiku ilikuwa saa yao. Ungesikia mtaa mzima maji yakimwagika juu ya mawe, mama huyu akimwita yule kutoka ua mpaka ua, wakitaniana mambo ambayo sisi watoto hatukutakiwa kuyasikia na tuliyasikia yote.

Mama yangu aliitwa Zaina, lakini mtaani alikuwa Mama Mwamini, kwa jina langu mimi, mtoto wake wa kwanza. Kazi yangu saa hiyo ilikuwa kumsugua mgongo kwa nyuzi za dodoki. Niliujua mgongo ule kama ninavyoujua mkono wangu. Chini ya bega la kushoto alikuwa na kovu la moto, limepinda kama mwezi mwandamo, alilolipata utotoni kwa kuangukia ukingo wa chungu cha moto. Mbali na baba, ni mimi na shangazi Sakina tu tuliokuwa tumeliona. Shangazi alikuwa dada yake baba na alikaa mlango wa pili. Mdomo wake ulikuwa mkali, lakini siri za nyumba alizitunza. Mama akimaliza kuoga alijipaka mafuta ya kokwa za michikichi, na kwa muda mfupi tu, gizani pale, mtu aliyechoka tangu alfajiri alianza kuimba.

Kisha ikaja kampuni ya pamba.

Walichagua uwanja ulio ng'ambo ya barabara, mkabala na nyumba zetu. Michikichi iliyokuwa katikati yetu na uwanja huo ilikatwa kwa siku tatu, na hakuna aliyetuuliza ni ya nani. Wakajenga ghala la matofali, wakaleta mashine ya kuchambua pamba, na nyingine ya kufunga marobota. Baba yangu, Ramazani, alipata kazi kwenye hiyo ya marobota, na kusema kweli tulijivuna. Alikuja nyumbani na nyuzi nyeupe kwenye nyusi, nasi tukamwita babu. Bosi wa pale alikuwa Mzungu mwembamba aliyezunguka uwanja kila saa ya usiku akichungulia kila kona, na watu wakampa jina: Halali. Mtu asiyelala. Mtu fulani, nadhani kapita wake, yaani mnyapara, alimweleza kwamba neno hilo maana yake ni kitu kinachoruhusiwa na dini, naye akafurahi sana. Aliitika jina hilo kwa adabu, na wafanyakazi wakageukia upande wa pili kucheka.

Kiangazi kilipoanza, marobota yakawa mengi na mashine haikutakiwa kusimama. Ndipo wakasimamisha nguzo ya chuma katikati ya uwanja, ndefu kuliko mchikichi wowote niliowahi kuuona, na juu yake wakafunga taa. Pembeni wakajenga kibanda cha zamu, yaani mlinzi, juu ya miguu minne ya miti, ili aone pamba yote kwa wakati mmoja. Jioni moja mota ikanguruma, taa ikapepesa mara mbili, kisha mtaa wetu wote ukawa mweupe.

Sitawaficha. Nilipiga makofi. Watoto wote tulipiga makofi. Tulikimbia barabarani tukikanyaga vivuli vyetu, tukaruka kamba mpaka tukaitwa kwa fimbo. Mimi nilikuwa nimekwisha kuanza kuringa siku ya pili, nikiwaambia wasichana wa mitaa ya ndani kwamba kwetu hakuna usiku. Majogoo walichanganyikiwa, wakawika wakati wowote waliotaka. Mzee Sumaili, aliyekuwa akiadhini katika msikiti wetu mdogo, aliamka saa nane ya usiku, akaona kumekucha, akatuita sote kwenye sala ya alfajiri. Watu walikwenda, wakasali, wakarudi, wakakaa kungoja jua ambalo halikuja. Tulicheka wiki nzima. Mzee hakucheka. Tangu siku ile alianza kuyashuku hata macho yake.

Baada ya wiki hiyo ya kicheko, mtaa ulianza kuharibika kidogo kidogo. Paa zetu zilikuwa na matundu, kuta zilikuwa na nyufa, madirisha hayakuwa na mbao. Mwanga uliingia ukalala nasi. Mdogo wangu Saidi, aliyekuwa bado ananyonya, alilia mpaka sauti ikamkauka. Watu wakaanza kugombana asubuhi kwa mambo madogo, kwa sababu hakuna aliyekuwa amelala. Baba alikuwa akirudi kutoka zamu ya mashine na kulala na kitambaa usoni kama maiti, na mama akamwambia aache, anamtisha.

Na wanawake walikuwa na jambo lao ambalo hawakulisema kwa wanaume. Mikeka ya nyua za kuogea ilizuia macho ya mtu aliyesimama chini. Haikumzuia mtu aliyekaa juu ya kibanda. Siku za kwanza hawakuliwaza hilo. Walioga kama kawaida yao, wakiona mwanga ni kero tu, na yule zamu juu kule, pamoja na wafanyakazi waliompandia kumtembelea, walitazama chini walivyotaka.

Wafanyakazi wa pamba walikuwa na nyimbo za kubebea marobota, na sisi watoto tulizishika zote. Mojawapo ilikuwa na mdundo mzuri kwa kutwanga. Mchana mmoja nilikuwa nikitwanga mihogo, mama akipepeta unga kando yangu, nami nikaimba: "Mwenye mwezi mugongoni, geuka kidogo tuone." Nikaimba tena, nikatwanga. Ninyi mnaosoma mmekwisha kuelewa. Mimi sikuelewa chochote. Nilidhani ni wimbo wa mwezi.

Mama aliuweka ungo chini. Hakunipiga, hakunikemea. Aliniuliza nimeusikia wapi, nikamwambia wanaume wote wa pamba wanauimba. Akauliza kama baba anauimba. Nikasema baba yuko ndani kwenye mashine, kule hakusikiki kitu. Akaingia nyumbani, akakaa humo mpaka jioni, na shangazi Sakina akaja kupika chakula chetu bila kuulizwa. Tangu siku hiyo mama hakuoga tena nje. Aliogea ndani, ndani ya beseni, kwenye kona ya chumba cha kulala, na maji yalipomwagika sakafu ya udongo ikawa tope na ukuta ukaanza kulainika. Mimi nilinuna, kwa sababu kupangusa tope lile ilikuwa kazi yangu.

Baada ya siku chache alijifunga kitenge chake kizuri, akamchukua shangazi Sakina, akanishika mkono, tukaenda nyumbani kwa Halali. Nyumba yake ilikuwa upande wa pili wa uwanja, palipoinuka kidogo, ya matofali, yenye baraza. Tulifika jua limekwisha kuzama na taa imekwisha kuwashwa. Kapita aliitwa kutafsiri, kwa kuwa Halali alisema hajui Kiswahili. Tulisimama chini ya ngazi tukingoja, na mimi nikamvuta mama kitenge nikamwambia sioni miguu yangu.

Ilikuwa kweli. Pale palikuwa na giza. Giza lenyewe, la zamani, laini, na nyota zimejaa juu ya bustani. Halali alikuwa amekaa barazani na taa ndogo ya meza, anavuta mtemba. Mama akageuka kuitazama nguzo. Nami nikaitazama. Upande ule wa taa, upande uliotazama nyumba ya Mzungu, palikuwa pamefungwa kipande cha bati, kimepinda vizuri, kimekatwa kwa kipimo. Mwanga wote uliokuwa uende kule ulirudishwa kwetu.

Mama alisema alilokuja kusema, kwa upole. Alisema watoto hawalali. Alisema wanaume wanarudi kazini bila nguvu. Aliomba bati kama lile lifungwe na upande wetu, kipande kimoja tu. Kapita akatafsiri. Halali akajibu maneno mengi, na kapita akatuletea haya: kwamba kwao Ulaya watu wanalipa ili wapate mwanga, sisi tunaupata bure, tunapaswa kushukuru. Kwamba mwanga unafukuza wezi na wachawi. Na kwamba mtu anayeogopa mwanga kuna kitu anaficha.

Mama akaigeukia tena nguzo. Kisha akasema, "Mwulize bwana, ile bati ya upande wake iko inaficha nini."

Kapita hakutafsiri. Alitazama viatu vyake, akatuambia twende nyumbani. Lakini nilimwona Halali akitoa mtemba mdomoni kabla kapita hajasema lolote. Niliwaza juu ya hilo njiani, kisha nikasahau, kama watoto wanavyosahau.

Walikwenda pia kwa bwana mkubwa wa serikali, mama na wanawake wengine wanne. Waliwekwa juani mpaka saa nane ya mchana, kisha karani akatoka kuwaambia kwamba uwanja ni wa kampuni, taa ni ya kampuni, na serikali haishughuliki na mahali ambapo mwanga unaangukia. Huko nako mama alitaja usingizi wa watoto tu. Shangazi alikuwa amemsihi aseme habari ya kibanda na ule wimbo. Alikataa.

Basi wakatengeneza bati wenyewe. Kila nyumba ikatoa debe tupu la mafuta, mhunzi wa mtaa akayapasua, akayanyoosha, akayaunganisha kwa misumari mpaka likawa bamba kubwa, zuri, lenye matundu ya kamba. Mama aliling'arisha kwa mchanga. Sijui kwa nini aling'arisha kitu kitakachokaa juu ya nguzo, lakini nakumbuka alivyolisugua. Baba aliambiwa alipeleke, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mtu wa pale, naye akalipeleka begani asubuhi na kuomba ruhusa ya kupanda kulifunga. Kapita akasema mali ya kampuni haiguswi. Akalitupa vumbini. Siku tatu baadaye tuliliona limefunika banda la kuku la kapita huyo huyo.

Baba alitaka iishie hapo. Alisema kiangazi kitaisha na mashine itasimama. Mama akamwuliza mwakani je?

Lililofuata watu wa Kasongo walilisimulia kwa miaka mingi, na wengi walilikosea. Walisema wanawake walikwenda na mapanga, wengine wakasema walivua nguo. Hapana. Baada ya sala ya isha mama alitoka na koroboi yetu, ile taa ya kopo yenye utambi, imewashwa. Shangazi Sakina akatoka na fanusi. Wakatoka wa nyumba ya tatu, ya nne, mpaka mwisho wa mtaa, kila mwanamke na taa yake, na Mzee Sumaili akawaazima taa ya pampu ya msikitini, inayovuma na kutoa mwanga mweupe. Nadhani kwake lilikuwa deni la ile sala. Hawakusema wanakwenda wapi. Mimi nilifuata, nikiwa nimembeba Saidi mgongoni, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kunizuia.

Waliizunguka nyumba ya Halali. Waliweka taa zao kwenye vizingiti vya madirisha, juu ya ngazi, juu ya maua ya mke wake, na ile ya pampu wakaitundika kwenye mti ulio mbele ya chumba cha kulala. Kisha wakakaa chini, wakanyoosha miguu. Hakuna aliyeimba, hakuna aliyetukana. Ndani mapazia yalivutwa, yakavutwa tena. Ilisikika sauti ya mwanamke ikiuliza jambo, na sauti ya Halali ikimjibu. Mwisho alitoka, amevaa nguo za kulalia zenye mistari. Wasichana wawili wakacheka, kisha wakaziba midomo.

Mama alisimama. Akamwambia, "Tumekuletea zawadi, bwana. Ni mwanga. Ni bure."

Hapakuwa na kapita pale, wala hakuhitajika. Halali aliangaza macho huku na huku, akatutazama mmoja mmoja, akasema kwa Kiswahili safi kuliko changu, "Zimeni hizi taa. Na wewe, najua wewe ni nani. Najua mume wako ni nani."

Alikuwa akisikia kila kitu tangu mwanzo. Kila ombi tulilomletea lilikuwa limemfikia mara mbili, kwa mdomo wa mama na kwa mdomo wa kapita.

Wanawake hawakuzima. Walikaa mpaka mafuta yakaanza kuisha na askari wakaja. Wengine walifukuzwa kwa vitako vya bunduki, taa zao zikapondwa kwa buti. Mama alifungwa mikono, akapelekwa gerezani. Mimi nilikimbia na Saidi akinigonga kisogo kwa kichwa chake.

Jioni ya siku iliyofuata, taa imekwisha kuwashwa, kengele ya kampuni ililia na wafanyakazi wote wakapangwa uwanjani, chini ya nguzo. Sikwenda. Sikuhitaji kwenda. Kutoka mlangoni kwetu niliona kila kitu, kama mnavyoona mchana. Nilimwona baba akivua shati mwenyewe na kulikunja. Nilimwona akilala kifudifudi. Niliona kiboko kikiinuka na kivuli chake kikiinuka kando yake. Shangazi Sakina alinivuta ndani akanikumbatia, akanifunika uso kwa kifua chake, lakini mwanga uliingia kwenye kila ufa wa ile nyumba, na nikajua kwamba mtaa mzima ulikuwa unaona vilevile, kila mtu kutoka mlangoni kwake, na kwamba ndiyo sababu ilifanyika saa ile badala ya asubuhi. Sijawahi kuchukia kitu kama nilivyoichukia taa ile kwa dakika zile. Laiti chuki hiyo ingebaki pale pale, juu ya nguzo, mahali pake.

Baba alifukuzwa kazi. Mama alitoka gerezani baada ya wiki mbili, amekonda, nywele zimenyolewa. Taa iliendelea kuwaka. Tulifunga vitu vyetu juu ya baiskeli ya baba, tukaenda kwa miguu kwa ndugu za mama kule Wamaza, safari ya siku kadhaa, baba akitembea wima kwa sababu mgongo haukumruhusu kuinama. Wajomba walitupokea vizuri, wakatupa kiwanja na shamba la mpunga. Usiku wa Wamaza ulikuwa mweusi kabisa, na Saidi alilala tangu jua kuzama mpaka jua kuchomoza. Mvua zilipoanza, kumbikumbi walitoka kwenye kichuguu cha wajomba kwa maelfu, tukawakaanga bila chembe ya mafuta mengine. Mtu mwingine angesema tumefika salama.

Mimi sikusema hivyo. Nilikuwa nimepoteza rafiki zangu, barabara yangu, na majivuno yangu ya mtoto wa mtaa usio na usiku. Wasichana wa Wamaza walisema Kibangubangu, lugha ya kwao, na kunicheka nilivyowajibu. Zaidi ya yote nilikuwa nimeuona mgongo wa baba, nikaupangusa kwa maji ya chumvi, na katika akili yangu ya miaka minane kulikuwa na mtu mmoja tu aliyesababisha. Mzungu alikuwa Mzungu, kama mvua ilivyo mvua. Mama ndiye aliyekuwa amechokoza. Kwa ajili ya nini? Kwa ajili ya usingizi. Watu wengine wote walikuwa wakivumilia, ila yeye.

Baba hakumlaumu hata siku moja, na hilo pia liliniudhi. Nilidhani amedhoofika.

Nilikuwa na miaka kumi na moja shangazi Sakina alipokuja kututembelea. Siku ya pili yake tulikuwa wawili tu mtoni tunaosha sufuria, na aliniona nilivyomkatia mama maneno asubuhi ile. Alisugua sufuria yake mpaka ikang'aa ndipo akasema. Aliniambia wimbo ulikuwa unamhusu nani. Aliniambia jinsi mama alivyomwambia siku ile, ndani, mlango umefungwa, kwamba angeweza kuvumilia macho ya wanaume wa pamba, kwa kuwa hao si watu wake. Lakini kuusikia wimbo ule ukitoka mdomoni mwa binti yake, hapana. Nikamwuliza kwa nini basi hakusema kwa bwana wa serikali, kwa nini alisema habari za usingizi tu, watu wakamwona mjinga.

Shangazi akanijibu, "Angeitaja nyimbo, wangemwuliza aliisikia kwa nani."

Nilikaa kwenye jiwe maji yakinipita miguuni. Sikulia. Hasira ilikuwa kubwa kuliko machozi, na kwa mara ya kwanza hasira yangu ilikuwa imetazama kule ilikotakiwa kutazama: kwa watu waliojua kukata bati kwa kipimo cha dirisha lao, walioelewa kila neno tulilowaambia na kutuletea mkalimani, waliompiga mume ili nyumba imlaumu mke. Hili la mwisho nililielewa baadaye sana, nilipokuwa na nyumba yangu. Viboko havikuwa vya baba peke yake. Vilitakiwa kuingia nyumbani kwetu na kufanya kazi humo, na mahali vilipofanya kazi ni ndani yangu. Baba alikuwa amekataa. Alichukua maumivu yote na hakumpa mama hata kidogo, nami nikauita huo udhaifu.

Kwa miaka mitatu, mpaka siku ile ya mtoni, nilipita mbele ya mama yangu kila asubuhi bila kumwamkia. Nilichukua mtungi, nikapita, nikatazama mbele. Na kila asubuhi, akiwa ameinama anapuliza moto, bila kuinua kichwa, alinijibu kama mtu aliyeulizwa: "Nimeamuka muzuri, mwanangu."